Waraka wa Sera ya Uwekezaji katika Mipango ya Malipo ya Uzeeni: Maana, Muundo na Lugha Yake

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Kauli hiyo imewafunza wengi kujinyima leo ili kesho isiwe ya dhiki. Hata hivyo, kila mkulima anajua kwamba mahindi yanayotiwa ghalani bila dawa hubunguliwa na wadudu. Gunia husalia limesimama, lakini ndani mna unga na maganda. Fedha nazo zina mdudu wake, na jina lake ni mfumuko wa bei. Mfanyakazi anayekatwa mshahara kwa miaka thelathini anaweza kupokea kila senti aliyoiweka na bado akawa maskini, kwa kuwa senti hizo hazinunui tena kilichonunuliwa siku zilipowekwa.

Ndiyo maana akiba ya uzeeni haiwekwi tu, huwekezwa. Papo hapo huzuka maswali mazito. Nani ataamua fedha za watu mia tano ziende wapi? Atafuata kanuni gani? Akikosea, atahukumiwa kwa kipimo kipi? Majibu ya maswali hayo hukusanywa katika hati moja ambayo wafanyakazi wengi hawajapata kuiona, yaani waraka wa sera ya uwekezaji. Makala haya yanaeleza maana ya waraka huo, sheria inayouhitaji nchini Kenya, sehemu zake na namna unavyotumika. Mifano mingi imetolewa katika Kaunti ya Kajiado. Mwishoni makala yanagusia suala linalowahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili: lugha ambayo kwayo mwenye mali huelezwa habari za mali yake.

Kajiado imeteuliwa kwa sababu maalumu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu katika kaunti hiyo watu 1,117,840, na miji ya Ngong, Ongata Rongai na Kitengela imejaa watu wanaoishi kwa mishahara. Wako wanaoamkia Nairobi kila alfajiri, wanaofanya kazi katika viwanda vya saruji na eneo la bidhaa za kuuzwa nje huko Athi River, wanaohudumia mitambo ya upepo ya KenGen katika vilima vya Ngong, na wanaochimba magadi katika kampuni iliyoanza mwaka 1911. Isitoshe, Kajiado ni mahali ambapo watumishi wengi huota kununua ploti watakapostaafu. Kwa hiyo suala la akiba na ardhi ni mazungumzo ya kila siku huko.

Mpango wa mwajiri na aina zake

Mpango wa malipo ya uzeeni unaoanzishwa na mwajiri ni mfuko ambamo mwajiri na mwajiriwa huchangia, au mwajiri peke yake, kwa ajili ya maisha ya mwajiriwa baada ya kazi. Mfuko huo si mali ya mwajiri. Kisheria huwekwa chini ya wadhamini ambao hushika mali hiyo kwa niaba ya wanachama. Mwajiri akifilisika, wadai wake hawana haki ya kuugusa.

Mipango hii ni ya aina mbili kuu. Katika aina ya kwanza, mafao hubainishwa mapema kwa kuzingatia mshahara na miaka ya utumishi. Uwekezaji ukienda mrama, ni mwajiri anayepaswa kujaza pengo. Katika aina ya pili, kinachobainishwa ni mchango tu. Mwanachama hupata alichoweka, alichowekewa, na faida iliyopatikana. Uwekezaji ukienda mrama, hasara ni yake. Waajiri wengi nchini Kenya wamehamia aina hii ya pili, na kuhama huko kumeuhamisha mzigo wa hasara kutoka bega la mwajiri hadi bega la mfanyakazi.

Hali ya walimu inaonyesha jambo hili waziwazi. Kwa miaka mingi, mwalimu wa shule ya serikali huko Ngong hakuwa na haja ya kuuliza juu ya sera ya uwekezaji, kwa kuwa pensheni yake ililipwa na Hazina kutokana na kodi. Hapakuwa na mfuko wa kuwekeza. Tarehe 1 Januari 2021 mpango mpya wa watumishi wa umma ulianza kutekelezwa. Mtumishi alianza kuchangia asilimia 2 ya mshahara wake katika mwaka wa kwanza, kisha asilimia 5, kisha asilimia 7.5, huku serikali ikichangia asilimia 15. Tangu siku hiyo kuna mfuko, na palipo na mfuko pana maamuzi ya uwekezaji. Vilevile, tangu Februari 2023 michango ya NSSF imekuwa asilimia 6 kwa mfanyakazi na asilimia 6 kwa mwajiri, hadi kikomo kilichowekwa na sheria. Mwajiri anaweza kuomba idhini ya kuipeleka sehemu ya pili ya michango hiyo katika mpango wake mwenyewe. Fedha zinazoongozwa na waraka huu, basi, zimezidi kuongezeka.

Sheria inasemaje?

Kabla ya mwaka 1997 mipango hii haikuwa na msimamizi mmoja nchini Kenya. Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997 iliunda Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, inayojulikana kwa kifupi cha RBA, na kanuni za utekelezaji zikatolewa mwaka 2000. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinadai kila mpango uwe na sera ya uwekezaji iliyo ya busara, itakayolinda mtaji wa mfuko na kuupatia faida inayolingana na ile ya soko. Kifungu kinachofuata kinakataza fedha za mpango kutumiwa kumkopesha mtu yeyote. Kanuni zinataka sera hiyo iandikwe, na ipitiwe upya angalau mara moja kila baada ya miaka mitatu.

Kanuni hizo pia huweka viwango vya juu kwa kila aina ya rasilimali. Dhamana za serikali zinaweza kufika asilimia 90 ya mfuko, hisa zilizoorodheshwa katika masoko ya Afrika Mashariki asilimia 70, ardhi na majengo asilimia 30, na uwekezaji wa ng'ambo asilimia 15. Viwango hivi mara nyingi hueleweka vibaya. Si maagizo ya kufuatwa hadi mwisho, bali ni ua ambao haupaswi kurukwa. Ndani ya ua huo kila mpango hujichorea njia yake, na njia hiyo ndiyo huandikwa katika waraka.

Sheria pia imegawa madaraka ili asiwepo mmoja mwenye ufunguo, daftari na kalamu. Wadhamini huamua sera. Meneja wa uwekezaji hununua na kuuza kwa kuifuata. Mtunza mali hushika fedha na hati. Msimamizi wa mpango huweka kumbukumbu za wanachama na kuwalipa mafao. Katika mpango wa michango iliyobainishwa, angalau nusu ya wadhamini huteuliwa na wanachama wenyewe; katika mpango wa mafao yaliyobainishwa ni angalau theluthi moja.

Muundo wa waraka

Waraka ulioandikwa vyema hujibu maswali saba.

La kwanza ni lengo. Haitoshi kusema kwamba mfuko unataka faida kubwa, kwa kuwa hakuna anayetaka ndogo. Lengo linalopimika hutaja, kwa mfano, faida inayozidi mfumuko wa bei kwa asilimia 3 kwa wastani wa miaka mitano. Uzito wa lengo hilo unaonekana katika hesabu ndogo. Shilingi 100,000 zikikua kwa asilimia 7 kwa mwaka, baada ya miaka 20 hufika takriban shilingi 387,000. Lakini bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka katika muda huo, thamani yake kwa bei za mwanzo ni kama shilingi 121,000 tu. Zikikua kwa asilimia 10, hufika takriban shilingi 673,000, sawa na 210,000 za mwanzo. Tofauti ya asilimia 3 ambayo katika ripoti ya mwaka mmoja huonekana ndogo, hugeuka kuwa karibu maradufu ya maisha ya mstaafu.

La pili ni hali ya wanachama. Mpango ambao wanachama wake wengi wana miaka 28 unaweza kustahimili kuyumba kwa bei za hisa, kwa maana una miaka mingi ya kusubiri. Mpango ambao nusu ya wanachama watastaafu katika miaka mitano unahitaji mali inayogeuka kuwa fedha kwa urahisi.

La tatu ni mgawanyo wa rasilimali. Waraka hutaja kiwango kinachokusudiwa kwa kila aina, pamoja na kima cha chini na cha juu. Busara iliyomo hapa si ngeni kwa wafugaji wa Kimaasai. Tangu zamani, mfugaji mwenye hekima hakuweka ng'ombe wake wote katika malisho mamoja. Aliwagawa, wengine akawapeleka kwa marafiki na jamaa walio mbali, akafuga pia mbuzi na kondoo, ili ukame ukipiga upande mmoja asibaki mikono mitupu. Wataalamu wa fedha wamelipa jambo hilo jina zito, lakini maarifa ni yaleyale.

La nne ni mamlaka: maamuzi yapi ni ya meneja peke yake, na yapi lazima yarejeshwe kwa wadhamini. La tano ni kipimo: meneja atalinganishwa na nini, na kwa muda gani, ili asisifiwe kwa sababu soko zima lilipanda wala asifukuzwe kwa sababu soko zima lilishuka. La sita ni mgongano wa maslahi: mdhamini mwenye shamba la kuuza, au ambaye nduguye ana benki, anapaswa kutangaza jambo hilo na kujitoa katika uamuzi. La saba ni marekebisho: lini, na kwa utaratibu gani, waraka utabadilishwa.

Mfano wa ardhi ya Kitengela

Ili kuona waraka ukifanya kazi, tuchukue mfano wa kubuni. Mpango wa kiwanda fulani una shilingi milioni 400. Dalali anawaendea wadhamini na shamba lililo kando ya barabara ya Namanga, karibu na Kitengela, kwa bei ya shilingi milioni 100. Anawaambia kwamba ardhi haijapata kushuka bei, na kwamba mnunuzi mwingine yuko njiani.

Milioni 100 ni asilimia 25 ya mfuko. Sheria inaruhusu hadi asilimia 30, na kwa hiyo mdhamini mwenye haraka atasema hakuna kizuizi. Hapa ndipo waraka unapozungumza. Ikiwa umeweka kima cha juu cha ardhi kuwa asilimia 15, wadhamini hawawezi kuvuka shilingi milioni 60 bila kwanza kuubadilisha waraka kwa utaratibu wake, wakitoa sababu zitakazoandikwa. Swali la pili ni la muda. Ikiwa wanachama 40 watastaafu katika miaka miwili ijayo, na kila mmoja anadai wastani wa shilingi milioni 2, mfuko utahitaji milioni 80 mkononi. Shamba halikatwi kipande likalipa mstaafu siku ya Ijumaa. Swali la tatu ni la hati. Mnamo Oktoba 2023, nyumba nyingi zilibomolewa huko Mavoko, jirani ya Kitengela, kufuatia uamuzi wa mahakama kwamba ardhi hiyo ni ya kampuni ya East African Portland Cement. Waliojenga hapo waliamini kwamba ardhi ndiyo mali isiyoyeyuka. Ardhi yenyewe haikuyeyuka; kilichoyeyuka ni haki yao juu yake.

Waraka hausemi kwamba ardhi ni mbaya. Huwalazimu wadhamini kuuliza maswali kabla ya kutia sahihi, na kuyaacha majibu yao mahali ambapo wanachama watayakuta. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Funzo kutoka mbali na karibu

Historia imetoa mafunzo makali. Robert Maxwell, mmiliki wa magazeti nchini Uingereza, alipofariki mwezi Novemba 1991, iligunduliwa kwamba zaidi ya pauni milioni 400 zilikuwa zimechukuliwa kutoka mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wake ili kuzitegemeza kampuni zake zilizokuwa zikizama. Sheria ya Pensheni ya mwaka 1995 ya nchi hiyo iliwataka wadhamini wawe na taarifa ya maandishi ya misingi ya uwekezaji. Nchini Marekani, kampuni ya Enron ilianguka mwaka 2001 wakati zaidi ya nusu ya akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wake ikiwa katika hisa za Enron yenyewe. Watu hao walipoteza kazi na uzee wao kwa wakati mmoja.

Karibu zaidi na Kitengela kuna ARM Cement, yenye kiwanda huko Athi River. Kwa miaka mingi hisa zake ziliuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi na kuonekana kuwa za kutegemewa. Mwezi Agosti 2018 kampuni iliwekwa chini ya warasimu kwa kushindwa kulipa madeni, na hisa zake zikasimamishwa. Aliyekuwa nazo hakuweza tena kuziuza. Mwaka uliofuata shughuli zake za Kenya zilinunuliwa na National Cement. Funzo la visa hivi si kwamba hisa ziepukwe. Ni kwamba hakuna kampuni moja, hata ile ambayo bomba lake la moshi linaonekana kutoka dirishani, inayostahili kubebeshwa uzee wa watu wote.

Suala la lugha

Waraka wa sera ya uwekezaji kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Mwanachama anayefunga mifuko ya saruji au kushona nguo za kuuzwa nje huletewa katika mkutano mkuu wa mwaka muhtasari asioufahamu, akaulizwa kama ana swali. Kimya chake huhesabiwa kuwa idhini. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, kutafsiri waraka huu si kazi ya kubadilisha neno kwa neno, na ugumu wake unastahili kuchunguzwa na wanaisimu.

Lichukuliwe neno *mdhamini*. Katika mpango wa pensheni hutumiwa kumtaja anayeshika mali kwa niaba ya wengine. Benki hulitumia kwa anayeahidi kulipa deni la mwingine. Katika michezo, mdhamini ni kampuni inayotoa fedha kwa timu. Mwanachama akisikia kwamba mdhamini ameamua, anaweza kudhani kwamba ni mwajiri aliyetoa fedha, au kwamba huyo mdhamini atalipa hasara kutoka mfukoni mwake. Dhana zote mbili si sahihi, na zote mbili humfanya asiulize. Njia nyepesi ni kuliacha neno mdhamini kwa mshika mali peke yake, na kumwita mwajiri kwa jina lake: mwajiri mwanzilishi.

Lichukuliwe pia neno *ukwasi*. Katika kamusi ni utajiri. Katika lugha ya benki, hasa nchini Tanzania, limepewa maana ya urahisi wa kupata fedha taslimu. Kwa hiyo mpango wenye mashamba mengi huweza kuelezwa kuwa tajiri usio na ukwasi, kauli ambayo kwa msikilizaji wa kawaida inajipinga yenyewe. Neno *hatari* nalo lina tatizo lake. Ukimuuliza mfanyakazi anataka hatari kiasi gani katika akiba yake, atajibu kwa haki kwamba hataki hata chembe. Lakini akielezwa kwamba thamani inaweza kupanda na kushuka njiani, na kwamba kukwepa kabisa kushuka huko kunaweza kumwacha na akiba iliyobunguliwa, ataweza kuchagua akijua anachochagua.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina hazina yake. *Amana* hubeba katika neno moja mali iliyowekwa na uaminifu wa aliyewekewa. *Kiinua mgongo* humchora mtu aliyeinama kazini miaka mingi, akisaidiwa hatimaye kusimama wima. Waraka unaoandikwa kwa maneno kama hayo humkumbusha mdhamini jambo ambalo jedwali la asilimia haliwezi kumkumbusha.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba waraka wa sera ya uwekezaji ni ahadi iliyoandikwa kati ya wanaoshika mali na wenye mali. Hauzuii hasara zote, kwa kuwa hakuna karatasi inayozuia soko kuanguka. Kazi yake ni kuzuia maamuzi ya pupa, maslahi ya siri na usahaulifu. Mwanachama anayetaka kuujua anaweza kuanza na maswali matatu katika mkutano mkuu ujao: waraka wetu ulipitiwa lini mara ya mwisho, unaweka kikomo gani kwa ardhi na kwa hisa, na faida ya miaka mitano iliyopita imezidi mfumuko wa bei kwa kiasi gani? Asiporidhishwa na majibu, sheria inampa njia ya kulalamika kwa RBA, na rufaa mbele ya jopo lililoundwa na sheria hiyohiyo.

Kwa idara na vyama vya Kiswahili, kazi imejitokeza yenyewe. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu katika tafsiri au istilahi anaweza kuchukua waraka mmoja wa aina hii, akautafsiri, kisha akausoma mbele ya wafanyakazi wa Ngong au Kitengela na kuona wanapokunja uso. Kila mahali wanapokunja uso pana istilahi inayosubiri kazi yake.